Wavuvi wa Ganga na hesabu za utaifa wa Kihindu

Anayekwenda Makoroboi kutafuta mtumba hulipita hekalu la Wahindu bila kulitazama mara mbili, na akilitazama anaona kitu kimoja tu: Wahindi. Ndivyo tunavyowahesabu huku Kanda ya Ziwa. Ithnasheri, Kalasinga, Baniani, wote kapu moja. Habari za India zikiingia kwenye simu tunazisoma hivyohivyo: Wahindu upande huu, Waislamu upande ule, wanagombana, basi. Kwa usomaji huo hutaielewa siasa ya India hata robo. Ugomvi na Waislamu ndio unaopiga kelele, lakini swali linaloiendesha siasa yenyewe ni la ndani ya Wahindu: nani amewekwa juu ya nani, na atakubali kukaa hapo mpaka lini?

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hapa kila kitu ni porojo. Sensa ya 2011 iliwakuta Wahindu ni asilimia 79.8 ya Wahindi wote. Wadalit walioorodheshwa na serikali, yaani wale ambao desturi iliwaita najisi wasioguswa, ni asilimia 16.6 ya watu wote, zaidi ya milioni 200. Waadivasi, makabila ya asili ya misituni na milimani, ni asilimia 8.6. Kisha kuna kundi kubwa kuliko yote, matabaka yaliyoachwa nyuma: wakulima wadogo, wafugaji, wafinyanzi, wakamua mafuta, wavuvi. Tume ya Mandal mwaka 1980 iliyakadiria kuwa asilimia 52. Ukiondoa hao wote, Brahmin (makuhani), Rajput (wapiganaji), Bania (wafanyabiashara) na wenzao wa juu wanabaki wachache sana. Kwa hiyo chama kinachotaka kutawala kwa jina la Wahindu wote hakina njia ila kupata kura za watu ambao Uhindu wenyewe, kwa maandiko na desturi, uliwaweka chini.

Shirika mama la utaifa wa Kihindu, RSS, lilianzishwa Nagpur mwaka 1925 na daktari Brahmin, Keshav Baliram Hedgewar. Miaka miwili kabla, Savarkar, mwananadharia wa utaifa huo, alikuwa ameandika kwamba Mhindu ni yule ambaye India kwake ni nchi ya baba zake na pia nchi yake takatifu. Kwa kipimo hicho Mwislamu na Mkristo wanaanguka, kwa kuwa sehemu zao takatifu ziko kwingine, lakini Mdalit anaingia. Utaona ujanja wake: mlango unafunguliwa kwa aliyefukuzwa hekaluni, ila haulizwi atakaa kiti gani akishaingia.

Kazi ya RSS inafanyika kwenye shakha, mkutano wa takriban saa moja uwanjani, asubuhi au jioni: bendera ya rangi ya zafarani, mazoezi, michezo, nyimbo, darasa fupi, sala, kila mtu anarudi kwake. Uanachama hauna kadi wala ada ya mwezi. Mara moja kwa mwaka kila mmoja anaweka bahasha mbele ya bendera. Watumishi wa kudumu, mapracharak, hawaoi. Ndani ya shakha hakuna anayekuuliza tabaka, na wengi waliopita humo watakuapia kwamba hawakubaguliwa. Mimi naamini wanasema kweli kuhusu ile saa moja. Swali ni saa 23 zilizobaki, na ngazi ya juu: tangu Hedgewar, wakuu sita wa shirika hilo ni Brahmin watano na Rajput mmoja.

Mambo haya si ya mbali kama tunavyodhani. Tawi la kwanza la harakati hiyo nje ya India lilianza Nairobi, Januari 1947. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, na walikuja na matabaka yao: Walohana wa biashara, Wapatel, maseremala, washonaji, mafundi viatu, kila kundi likiwa na jumuiya yake, ukumbi wake na ndoa zake. Wakubwa wa sukari upande wa Uganda, Nanji Kalidas Mehta wa Lugazi na Muljibhai Madhvani wa Kakira, wote wawili walikuwa Walohana.

Sasa upande wa pili. Mwaka uleule wa 1925 ambao RSS ilizaliwa, kusini mwa India E. V. Ramasamy, anayeitwa Periyar, alianzisha harakati ya kujiheshimu iliyowaambia watu wa chini wafunge ndoa bila Brahmin. Kabla yake, huko Pune, Jotirao na Savitribai Phule walifungua shule ya wasichana mwaka 1848, na mwaka 1873 Jotirao akaanzisha jumuiya ya watafuta ukweli. Hawa wote wana historia ndefu, lakini wa kumkalia kitako ni B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa Mdalit.

Tukio moja tu lake linatosha kwa mtu wa ziwani. Mji wa Mahad, magharibi mwa India, una bwawa la umma liitwalo Chavdar. Ng'ombe walikunywa humo, Waislamu na Wakristo waliteka maji humo. Mdalit hakuruhusiwa kutia mkono. Baraza la mji lilipitisha azimio la kuwafungulia mwaka 1924, likabaki karatasi. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu mpaka bwawani, akainama, akanywa. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Wenyeji wa matabaka ya juu wakawapiga waandamanaji, kisha wakalitakasa bwawa kwa kumimina mitungi ya maziwa, mtindi, kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Desemba mwaka huohuo Ambedkar na wenzake walichoma hadharani sheria za Manu, maandiko ya kale yanayohalalisha matabaka. Kesi ya bwawa iliisha mwaka 1937, miaka kumi baada ya yale mafunda, Mahakama Kuu ya Bombay ikisema Wadalit wana haki. Jaribu kufikiria Mkerewe akienda mahakamani miaka kumi kwa ajili ya maji ya Nansio.

Jambo la Ambedkar linalohitaji kuelezwa polepole ni la kura, kwa sababu bila hilo hutajua kwa nini Wadalit wana wabunge wengi na sauti ndogo. Agosti 1932 Waingereza waliwapa Wadalit viti vyao vya kuchaguana wenyewe: Mdalit angepiga kura ya kawaida pamoja na wote, na nyingine katika jimbo maalumu ambako Wadalit peke yao ndio wapiga kura. Gandhi, akiwa gerezani Yerawada, alianza kufunga chakula tarehe 20 Septemba kuipinga sehemu hiyo. Akifa, Wadalit vijijini wangechinjwa. Ambedkar alilijua hilo. Tarehe 24 akasaini mkataba wa Poona. Viti vya mabaraza ya majimbo viliongezeka kutoka 71 hadi 148, lakini mgombea Mdalit angechaguliwa na wapiga kura wote wa eneo. Kwa miaka kumi kulikuwa na kura ya mchujo, Wadalit wenyewe wakiteua majina manne. Baadaye mchujo ukaondoka, kura ya pamoja ikabaki. Leo bunge la India lina viti 543, na kati yake 84 ni vya Wadalit na 47 vya Waadivasi, kwa utaratibu huo.

Msomaji wa Tanzania ana kitu cha karibu cha kulinganisha, na si viti maalumu, ambavyo vyama hujigawia kwa uwiano wa kura. Ni kura tatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilibishana sana Tabora Januari 1958, wengine wakaondoka, lakini Nyerere alikuwa amepiga hesabu: Mwasia na Mzungu wangehitaji kura za Waafrika, kwa hiyo wangepita wale tu ambao TANU inawakubali. Na ndivyo ilivyokuwa. Mtambo wa Poona ni huohuo, ila umegeuzwa kichwa chini. Kwetu aliyeonewa ndiye alikuwa wengi, kura ya pamoja ikampa rungu. India aliyeonewa ni mtu mmoja kati ya sita, na kura ya pamoja inamlazimu mgombea wake awapendeze watano wengine. Mdalit mkali, anayedai ardhi na kutaja majina ya wabaguzi, anashindwa kwenye jimbo lililotengwa kwa ajili yake. Anashinda mpole. Chama kikubwa kikitaka Wadalit bungeni kinawapata kwa urahisi, na wanakaa kimya.

(Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa Jinja mwaka 1948, pale Nile inapotoka ziwani kwetu, na ana sanamu pale. Anastahili mengi. Ila mvuvi wa Mwanza anayemjua Gandhi na hajawahi kulisikia jina la Ambedkar amesimuliwa nusu ya hadithi, tena nusu iliyosimuliwa na upande ulioshinda Poona.)

Ambedkar aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, na tarehe 14 Oktoba 1956 akaacha Uhindu akaingia Ubuddha pamoja na wafuasi laki kadhaa. Mahali alipochagua ni Nagpur, mji wa RSS, na siku aliyochagua ni ya sikukuu ya Vijayadashami, ambayo RSS huadhimisha kuzaliwa kwake. Alifariki Desemba 6 mwaka huo. Desemba 6, 1992 ndiyo siku umati ulipobomoa msikiti wa Babri, Ayodhya, mahali ambapo Wahindu wengi wanaamini mungu Ram alizaliwa.

Kuhusu Ayodhya nitapita haraka, ila tarehe moja isikuponyoke. Agosti 1990 Waziri Mkuu V. P. Singh alitangaza kwamba asilimia 27 ya kazi za serikali kuu zitatengwa kwa matabaka ya nyuma, juu ya 15 za Wadalit na 7.5 za Waadivasi. Vijana wa matabaka ya juu waliandamana, wengine wakajichoma moto. Mwezi uliofuata L. K. Advani, kiongozi wa BJP, chama cha siasa cha harakati ya RSS, alipanda gari lililopambwa kama la vita la Ram, kutoka Somnath kuelekea Ayodhya. Mgao ulikuwa unawagawa Wahindu kwa tabaka. Msafara ukawakusanya upya dhidi ya msikiti. Aliyemkamata Advani njiani, Bihar, ni serikali ya Lalu Prasad Yadav, mtu wa tabaka la wafugaji. Wanaosimulia Ayodhya bila kutaja mgao wanakupa moshi bila moto.

Gujarat, ambako Wahindu wengi wa Mwanza wana asili, ndiko mshono ulikofumuka hadharani mwaka 2016. Karibu na mji wa Una vijana wa familia ya Kidalit walikuwa wanachuna ngozi ya ng'ombe aliyekufa, kazi ambayo tabaka lao limesukumiwa kwa karne nyingi. Kundi la walinzi wa ng'ombe likawashika, likawafunga kwenye gari, likawachapa viboko mjini na kujirekodi video. Wapelelezi walikuja kugundua kwamba ng'ombe yule aliuawa na simba. Jibu la Wadalit liliuma kuliko maandamano: waliacha kuzoa mizoga. Ng'ombe wakaanza kuoza barabarani, na huko Surendranagar mizoga ilipelekwa ikamwagwa mbele ya ofisi ya wilaya. Kama ng'ombe ni mama yenu, mzikeni wenyewe. Kisha wakili Jignesh Mevani akaongoza matembezi kutoka Ahmedabad hadi Una, yakaisha tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru, na dai lao kubwa lilikuwa ardhi, ekari tano kwa kila familia. Walijua kwamba asiye na shamba atarudi tu kwenye mzoga, kwa kuwa hana kwingine pa kula. Mwaka 2018 waliochapwa waliingia Ubuddha.

Lakini viboko si njia kuu ya utaifa wa Kihindu kwa watu wa chini, na anayedhani ni vitisho tu atashangaa kila uchaguzi. Njia kuu ni kukumbatia, na mfano mzuri wa kuuonyesha Kirumba au Igombe ni wavuvi wenzetu wa mto Ganga.

Wanaitwa Nishad, jina linalokusanya Mallah, Kewat, Bind na wengine. Riziki yao ni mtumbwi: kuvusha watu, kuvua, kuchota mchanga, na maji yakipungua wanalima matikiti na matango kwenye mchanga wa mto. Kilio chao mtu wa mwaloni atakielewa bila mkalimani. Haki ya kuvua na kuchimba mchanga inapigwa mnada, anaichukua tajiri asiyejua hata kupiga kasia, na mwenye mtumbwi anageuka mwizi kwenye maji ya babu yake. Februari 2021, kijiji cha Baswar karibu na Prayagraj, polisi waliwavunjia mitumbwi katika msako wa mchanga. Huku tuna operesheni zetu za kokoro na timba na kila mtu ana maoni yake, ila hakuna anayezaliwa kwenye tabaka la kokoro.

Bwana mmoja aitwaye Sanjay Nishad alianzisha chama cha jina lao mwaka 2016. Machi 2018, uchaguzi mdogo wa Gorakhpur, mwanawe Praveen alisimama kwa tiketi ya Samajwadi, chama chenye ngome kwa Wayadav, na BSP ya Wadalit ikamuunga mkono. Kiti kilikuwa kimeachwa na Yogi Adityanath, mtawa aliyekishikilia tangu 1998 na sasa mkuu wa serikali ya jimbo la Uttar Pradesh. Praveen akashinda kwa kura zaidi ya 21,000. Mvuvi amemtoa mtawa nyumbani kwake, na kwa mwaka mmoja ilionekana hesabu ya watu wa chini imekamilika.

BJP haikukasirika, ilipiga hesabu yake. Angalia hatua zilivyopangwa. Kwanza unatafuta tabaka dogo lisilo na waziri wala mkuu wa wilaya. Pili unalipa shujaa wake: katika Ramayana, utenzi wa kale wa habari za Ram, yupo Nishadraj, mfalme wa wavuvi aliyempokea Ram, basi inajengwa sanamu kubwa Shringverpur, Ram amemkumbatia Nishadraj. Kwa Warajbhar, tabaka jingine la chini, shujaa ni Suheldev, anayesimuliwa kumuua jemadari Mwislamu karne ya 11. Hapo hasira ya tabaka inageuzwa shingo, mdhulumu anakuwa si tajiri wa kijiji bali Mwislamu wa miaka 1,000 iliyopita. Tatu unanong'ona kwamba vyama vya watu wa chini vililiwa na matabaka mawili, Wayadav wa ufugaji na Wajatav wa Kidalit, nanyi mkaachiwa makombo. Hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linafanya kazi. Nne, nafaka ya bure, kilo tano kwa mtu kwa mwezi, nyumba, mtungi wa gesi, choo. Tano, tiketi ya ubunge. Mwaka 2019 Praveen Nishad alikuwa ameshahamia BJP na akaingia bungeni kwa jimbo la Sant Kabir Nagar.

Kinachoharibika ni dai lenyewe la wavuvi. Wanataka kuingizwa kwenye orodha ya Wadalit, ili wapate mgao mnono kuliko kugombania ule wa matabaka ya nyuma na Wayadav wenye nguvu. Serikali za Uttar Pradesh, za vyama tofauti, zimewatolea matangazo ya kuwaingiza, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Allahabad ikayafuta. Sababu ni nyepesi: kwa kifungu cha 341 cha Katiba ni Bunge la India pekee linaloweza kubadili orodha. Serikali ya jimbo inajua hivyo inapotangaza. Kumbatio wamelipata, sanamu wamepata. Orodha, mnada wa mchanga na leseni vimebaki palepale.

BSP nayo ni somo la chama cha watu wa chini kinavyokufa kikiwa bado kina wapiga kura. Kanshi Ram hakuanza na chama. Mwaka 1978 alianza na umoja wa watumishi wa serikali, Wadalit waliopata kazi kwa mgao, wakatoa fedha, muda na akili. Chama kilikuja 1984. Mwaka 2007 Mayawati, mwalimu wa shule wa tabaka la Jatav, alishinda viti 206 kati ya 403 vya Uttar Pradesh, peke yake. Mwaka 2022 alipata kimoja. Kura zake bado zilikuwa karibu asilimia 13, lakini zimetawanyika na hazitoshi kushinda karibu popote. Matabaka madogo yalikuwa yamekwisha vutwa kwa hatua zile tano, maamuzi yote yalikaa mkononi mwa mtu mmoja, na kazi za serikali zilizomlea mwanachama wa mwanzo zilikuwa zinapungua kila shirika la umma linapouzwa.

Halafu ukaja 2024. Hekalu la Ram lilizinduliwa Ayodhya Januari kwa shangwe zote, na BJP ikaomba, pamoja na washirika wake, viti zaidi ya 400. Wagombea wake wachache wakasema hadharani idadi hiyo inahitajika ili kubadili Katiba. Kwa Mdalit, Katiba ni ya Ambedkar na ndani yake kuna mgao; habari ilisambaa vijijini bila gazeti. BJP ilitoka 303 hadi 240, na Uttar Pradesh peke yake ilishuka kutoka 62 hadi 33. Jimbo la Faizabad, ambamo hekalu lenyewe limo, lilichukuliwa na Awadhesh Prasad wa Samajwadi, Mdalit wa tabaka la Pasi, kwenye kiti ambacho hakikutengwa kwa Wadalit.

Aprili 2025 serikali ya BJP, iliyokuwa ikikwepa, ilikubali tabaka la kila mtu liandikwe kwenye sensa ijayo, ambayo siku yake ya kuhesabia ni 1 Machi 2027. Hesabu kamili ya mwisho ya namna hiyo ilikuwa ya Waingereza, 1931. Bihar ilishatangulia kwa hesabu yake ya 2023: matabaka yaliyo nyuma kabisa asilimia 36, ya nyuma 27, Wadalit 19.65, na ya juu, yasiyo na mgao wa tabaka, 15.5 tu. Namba kama hizo zikitoka kwa nchi nzima, dai la kwanza litakuwa kuvunja kikomo cha asilimia 50 ambacho Mahakama ya Juu iliuwekea mgao mwaka 1992.

Na wavuvi? Mwaka 2024 Praveen Nishad alishindwa Sant Kabir Nagar, na aliyemshinda, Laxmikant Pappu Nishad wa Samajwadi, ni Nishad pia. Sultanpur, Rambhual Nishad alimwangusha Maneka Gandhi wa BJP, waziri wa zamani. Chama cha Sanjay Nishad bado kiko serikalini Uttar Pradesh, kinaendelea kudai orodha.